Jinsi ya kung'oa gugu karoti ndani na kandokando ya hifadhi: mwongozo kwa vikundi vinavyoanza

Kila mvua zikishika, simu yangu hujaa picha za kijiua cheupe. "Hili ndilo lenyewe?" "Tulifyeke au tuling'oe?" "Kuna dawa?" "Mwaka jana tulilimaliza, mbona limerudi?" Nimejibu maswali haya miaka mingi, na mara nyingi jibu langu limefika wakati kikundi kimeshafyeka. Kwa hiyo nayaweka yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Uwe ni kijana wa kikundi cha mazingira, mjumbe wa kamati ya kijiji, askari wa wanyamapori wa kijiji au mfanyakazi wa kambi ya watalii, unaweza kuyafuata bila kuwa mtaalamu wa mimea.

Nadharia kidogo tu. Gugu karoti asili yake ni Amerika ya kitropiki. Tanzania liliripotiwa kwa mara ya kwanza Arusha mwaka 2010, na upande wa Kenya limeonekana hadi ndani ya Maasai Mara. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 na zaidi. Ukipata unyevu mzuri unaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota. Hutoa kemikali zinazodumaza mimea jirani, na wanyama wengi wanaokula majani hulikwepa, hivyo linapoenea malisho yanapungua na nyasi zilizobaki zinaliwa kupita kiasi. Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini mwongozo huu wote unahusu mbegu: kuiwahi kabla haijatoka, kutoisambaza ikishatoka, na kuisubiri iliyokwisha ingia ardhini.

Kabla ya kuanza

Kibali ndicho cha kwanza. Ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kung'oa mmea wowote bila ruhusa, hata uwe na nia njema kiasi gani. Nenda ofisi ya hifadhi husika: TANAPA kwa hifadhi za taifa, NCAA kwa Ngorongoro, TAWA kwa mapori ya akiba, TFS kwa misitu ya hifadhi ya mazingira asilia. Kwenye eneo la WMA, yaani jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji, anza na uongozi wa jumuiya na serikali ya kijiji. Omba pia askari wa kuongozana nanyi. Utakuwa umeinama saa tatu mfululizo kwenye majani, na nyati hatoi taarifa.

Vifaa:

- Glavu ndefu za mpira au za ngozi, jozi moja kwa kila mtu na jozi za akiba. Glavu za kitambaa hazifai, utomvu hupenya.
- Shati la mikono mirefu, suruali, buti za mpira, barakoa, na miwani kama mmea umeshachanua.
- Jembe dogo au sululu kwa ardhi ngumu.
- Salfeti za mbolea zenye mfuko wa nailoni ndani. Salfeti isiyo na mfuko huo ikichanika kidogo tu hupitisha mbegu. Kagua kila moja kwa kuiinua juani: ukiona mwanga unapenya kwenye tundu, iweke kando.
- Turubai moja kubwa.
- Brashi ngumu, kama ya kusugulia sakafu, kwa ajili ya buti na matairi.
- Vigingi na kamba, daftari, na simu inayoweza kuonyesha mahali ulipo.
- Maji ya kutosha na sabuni ya kipande.

Watu kumi wanatosha kwa siku ya kwanza. Hamsini wanaokanyagakanyaga bila mpangilio watasambaza kuliko watakavyotoa.

Nani asije: mwenye pumu, mwenye ngozi inayowasha kirahisi, na watoto. Hili la watoto nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanafunzi wakipelekwa kung'oa kwa mikono mitupu, gugu likiwa limechanua, na mwalimu amesimama pembeni akipiga picha. Gugu hili husababisha upele, mafua ya chavua na pumu. Tena mwili unaweza kukaa kimya siku za mwanzo, halafu baada ya kuligusa mara nyingi ndipo ngozi inaanza kuvimba, na ikishaanza haiachi kirahisi. Ukitaka kuwashirikisha wanafunzi, wape kazi ya kulitafuta na kuweka vigingi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha ni lenyewe.

Likiwa changa hulala chini kama sahani, majani yamekatikakatika kama ya karoti, kijani kilichopauka, yenye vinyweleo laini. Baadaye shina moja husimama katikati, lina mifereji midogo kutoka chini kwenda juu, na sehemu ya juu hugawanyika matawi mengi. Linaweza kufika kiuno, hata kumpita mtu kichwa penye rutuba.

Kipimo cha uhakika ni ua. Chuma moja kwa glavu, liweke kiganjani. Ni jeupe la maziwa, kubwa kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Litazame kwa juu: utaona kona tano, na kila kona ina kipetali kidogo mno. Kila kona hukomaza mbegu moja nyeusi, bapa, ndogo kuliko ufuta. Kona tano, mbegu tano. Sasa nyoosha mgongo utazame mmea wote una maua mangapi.

Kosa la kawaida: kuchanganya na bangi mwitu au kishona nguo. Bangi mwitu ukiifikicha hunuka vikali na majani yake yana vipande virefu vyenye meno. Kishona nguo mbegu zake ni ndefu na hunata kwenye suruali. Usipokuwa na uhakika, usiguse. Hifadhini mmea wa asili ulioung'oa kwa makosa ni hasara.

2. Tembea kwanza, using'oe kitu.

Tumia siku nzima kuzunguka. Anzia langoni, maegesho, kambi, mashimo yanayochimbwa moramu, kingo za barabara hasa pale maji ya mvua yanapotuama, vivuko vya mto, na njia za mifugo upande wa kijiji. Gugu hili husafiri na tope la matairi, moramu, mchanga wa ujenzi, majani makavu ya kulishia na maji. Ukiona shimo la moramu lina gugu karoti, mjulishe mhusika wa barabara kabla lori jingine halijapakia. Pengine hiyo itakuwa kazi yako kubwa kuliko zote mwaka huo.

Kila ulipoliona weka kigingi, andika mahali, idadi kwa makadirio na hali yake: changa, lina vitumba, limechanua, au linapukutisha.

3. Chagua pa kuanzia.

Hapa vikundi vingi hukosea, tena kwa moyo mzuri. Wanaona eneo kubwa jeupe kando ya kambi, wanalivamia, wiki mbili nguvu zimekwisha. Anza na miche iliyotawanyika mbali, mitatu hapa, saba pale, kwa sababu hiyo unaweza kuimaliza kabisa leo. Ukishaimaliza, njoo kwenye lile eneo kubwa na ulizunguke kwa nje, ukisogea ndani kila awamu. Kama lipo mtoni, anza juu mkondo unakotoka. Ukisafisha chini kwanza, gharika moja tu itakurudisha mwanzo.

4. Chagua wiki.

Subiri mvua zinyeshe vizuri, kisha hesabu wiki mbili hadi tatu. Huku kaskazini maana yake ni mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Wakati huo miche imeota, inaonekana, udongo umelainika na mzizi unatoka mzima, na hakuna ua hata moja. Ukichelewa wiki mbili zaidi, kazi ya asubuhi moja inageuka ya siku tatu, kwa sababu sasa kila mmea unahitaji salfeti.

Nenda asubuhi baada ya umande kukauka. Siku ya upepo mkali acha.

5. Ng'oa.

Shika chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, kwa mikono miwili. Tikisa kidogo upande huu na huu, sikiliza udongo ukiachia, kisha vuta juu taratibu kwa mstari mmoja. Mzizi mkuu ni mmoja, mrefu, umesimama kama msumari, nao hutoka na mlio mdogo ukiwa mzima. Ukivuta kwa hasira utabaki na shina mkononi. Likikatika, chukua jembe ukate mzizi vidole vinne chini ya uso wa ardhi, kwa sababu shingo ya mzizi ikibaki huchipua tena.

Kung'uta udongo hapohapo kwenye shimo lake, urudishie, ukandamize kwa kisigino. Udongo uliofukuliwa na kuachwa wazi huamsha mbegu zilizolala.

Usifyeke. Naomba nirudie: usifyeke. Gugu karoti lililokatwa kwa fyekeo halifi. Hutoa matawi ya pembeni, fupi, karibu na ardhi, na kuchanua tena upesi likiwa limejificha kwenye nyasi, mahali ambapo hata mkono hauwezi kulishika vizuri.

Miche ambayo haina kitumba hata kimoja unaweza kuirundika kwenye turubai au juu ya mwamba, mizizi ikitazama juani. Siku mbili za jua zinatosha. Usiiache juu ya udongo wenye unyevu, itashika tena.

6. Mimea yenye maua: mfuko kwanza, kuvuta baadaye.

Mmea ukiwa na kitumba kilichoanza kufunguka, uhesabu kuwa una mbegu. Fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja anainamisha kichwa cha mmea taratibu na kukiingiza ndani ya salfeti, mwenzake anakata sehemu yote yenye maua, kisha shina lililobaki linang'olewa. Salfeti ikifika robo tatu, funga mdomo kwa kamba, pindua, funga mara ya pili.

Nieleze kwa nini nasisitiza mfuko. Mwaka wetu wa kwanza tuling'oa kandokando ya kambi moja, gugu likiwa limechanua. Tukarundika nyuma ya pikapu, wazi, tukaenda kuchoma kwenye shimo kilomita nne mbele. Tulirudi tukiimba. Masika yaliyofuata nilipita njia ile nikaona mstari wa miche ya gugu karoti umeanzia kambini, umefuata barabara upande wa kushoto tu, hadi shimoni. Kilomita nne, mahali ambapo halikuwahi kuota. Bodi ya gari lile ilikuwa na tundu kwenye kona ya kushoto. Tulirudia barabara hiyo kwa miguu misimu minne.

7. Teketeza.

Choma salfeti kwenye pipa la chuma au shimo lililopangwa na hifadhi, si popote ulipoona panafaa, na uwe na ruhusa ya moto kwa maandishi. Mimea mibichi haiungui vizuri, kwa hiyo acha salfeti zilizofungwa zikauke juani siku kadhaa mahali pa lami, saruji au mwamba. Simama upande unakotoka upepo ili moshi usikufikie. Pasiporuhusiwa moto, fukia kwenye shimo lenye kina cha kimo cha mtoto mdogo, na uandike mahali pake ili mtu asije akalichimbua.

Usitengenezee mboji, lundo la nyumbani halipati joto la kuua kila mbegu. Usiwape ng'ombe wala mbuzi: ni sumu kwao likiliwa kwa wingi, na maziwa yao huwa machungu.

8. Safisha miili na vyombo papo hapo.

Tandika turubai, simameni juu yake, kila mtu ampige mwenzake brashi: buti, pindo za suruali, mifuko. Kagua mitaro ya matairi, matope chini ya bodi, na mazulia ya gari. Kinachodondoka kiingie kwenye salfeti. Tumieni sehemu moja ileile kila siku, ili kikiota kitu muone mara moja. Oga ukifika nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

9. Rudi baada ya siku 21.

Andika tarehe ya kurudi kabla hamjaondoka. Siku 21 ni kwa sababu ya ile wiki nne ya kuchanua: ukirudi wiki ya tatu, mbegu iliyoota siku ya pili baada yenu kuondoka bado haijapata ua. Endeleeni hivyo hadi mvua zikatike, kisha anzeni tena mvua zijazo. Mbegu zilizofukiwa hubaki hai miaka kadhaa, kwa hiyo kikundi kinachopanga siku moja ya usafi kwa ajili ya kamera nakishauri kisianze kabisa. Bora mita 50 mnazozirudia kila wiki tatu kwa miaka mitano kuliko ekari kumi mnazozipitia mara moja.

10. Saidia nyasi zirudi.

Gugu karoti hupenda ardhi tupu. Mahali mlipong'oa funikeni kwa matawi ya miiba yaliyokatwa kwa ruhusa, ili wanyama wasikanyage wala kulisha mpaka nyasi zishike. Mbegu za nyasi zitoke eneo hilohilo; usinunue mbegu dukani ukaileta hifadhini, ndivyo baadhi ya magugu haya yalivyoanza. Upande wa kijiji, zungumzeni na wafugaji wapumzishe kipande hicho msimu mmoja. Wao ndio wa kwanza kuumia, na nimeona wakielewa haraka kuliko wengi wetu.

Kuhusu dawa na wadudu

Dawa za kuua magugu zipo na zinafanya kazi, ila ndani ya hifadhi si uamuzi wako wala wangu. Apulize mtu aliyefunzwa, kwa kibali cha hifadhi, kwa kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), mbali na maji. Hasara yake nyingine ni hii: dawa inayoua kila jani huua nyasi pia, na hapo umeliandalia gugu karoti kitanda. Chumvi usitumie hata kidogo. Huharibu udongo na kuwaita wanyama kuja kulamba.

Yupo pia mbawakawa mdogo kutoka Mexico anayekula majani ya gugu hili, ambaye ametumika India, Australia na Afrika Kusini. Usimbebe kwenye chupa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Wadudu wa aina hii hupimwa kwanza na mamlaka kuhakikisha hawatahamia kwenye mimea mingine.

Mambo yakienda kombo

Tuling'oa, limeota mara tatu zaidi. Usikate tamaa. Hizo ni mbegu za zamani zilizopata mwanga. Ng'oeni miche yote ikiwa bado imelala kama sahani. Hesabu ya daftari mara nyingi huanza kushuka msimu wa tatu, mradi hakuna mmea uliopukutisha katikati. Isiposhuka, tafuta mlango: barabara, mto au mifugo inaleta mbegu mpya.

Tumefika, limeshapukutisha. Msitikise tena. Weka vigingi kuzunguka eneo, zuia watu na magari kupita, wekeni tarehe ya wiki mbili baada ya mvua ya kwanza.

Ardhi ni ngumu kama saruji. Subirini mvua. Kama kuna mimea michache yenye maua isiyoweza kusubiri, kata vichwa na kuvifunga kwenye salfeti, andika mahali, rudini kwa ajili ya mzizi.

Lipo ukingoni mwa mto. Jembe liache, ukingo utabomoka. Mikono tu, na msisafishe ukingo wote kwa siku moja.

Salfeti imepasuka njiani. Simameni palepale. Fagieni juu ya turubai mnachoweza, weka kigingi, andika mahali. Hapo pameingia kwenye orodha ya siku 21.

Mkono unawasha. Osha kwa maji baridi na sabuni, vua glavu na shati, kaa kivulini. Ukivimba macho au kifua kikibana, nenda zahanati mara moja. Mtu huyo asirudi kung'oa, mpe daftari.

Kibali kimekawia. Fanyeni upande wa kijiji: shule, mnada, machinjio, kituo cha bodaboda. Mbegu nyingi za hifadhini zimetokea huko.

Na kama bado hujui ulichokiona ni nini, usitume picha moja ya shamba zima kutoka dirishani mwa gari. Tuma tatu: jani moja limetandazwa juu ya karatasi nyeupe, shina kwa karibu mifereji ionekane, na ua moja kando ya kichwa cha njiti ya kiberiti. Andika na mahali. Kwa picha hizo tatu mtu anayelijua gugu hili atakujibu kabla hujaweka simu mfukoni.